Mwaka 2023 si kipimo cha haki kwa jengo letu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako. Mimi ni fundi umeme na msimamizi wa jengo la ofisi la ghorofa kumi na moja hapa Kisutu, Dar es Salaam, tangu 2012. Kila siku saa 12 asubuhi, kabla wapangaji hawajaingia, nashuka chumba cha umeme na tochi na daftari, nasoma mita. Pembeni ya uniti naandika joto la nje, ghorofa zenye watu na, kama jenereta liliwaka, lita za dizeli.

Hivi karibuni wamiliki wametuletea lengo: ifikapo 2030 jengo lipunguze hewa ukaa kwa asilimia 30 kulinganisha na 2023. Nia ni njema, naiunga mkono kwa moyo wote. Tatizo ni mwaka waliouchagua.

Mwishoni mwa 2023 kulikuwa na mgao wa umeme. Daftari langu lina kurasa nzima za jenereta, na kila lita ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa (kaboni dayoksaidi). Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Mwalimu Nyerere, kwenye mto Rufiji, ukaanza kuzalisha, megawati 235. Yote tisa uwezo wake ni megawati 2,115. Jenereta letu likanyamaza. Hewa ukaa ya jengo imeshashuka bila sisi kugusa swichi hata moja, huku uniti zikipanda, maana ghorofa tatu zilizokuwa tupu sasa zina wapangaji na mmoja wao anafanya kazi usiku kucha. Lengo hilo tutalifikia kwa maji ya Rufiji, wala si kwa jitihada zetu.

Hata ahadi ya taifa ya 2021 ya kupunguza hewa ukaa haikupimwa hivyo. Ni asilimia 30 hadi 35 chini ya kiasi kinachokadiriwa kingetoka 2030 kama tusingefanya lolote. Jengo nalo likadiriwe kwanza: likijaa wapangaji, kwa joto la Machi na la Julai, litahitaji uniti ngapi? Daftari la kila siku linajibu hilo. Kisha lengo liwekwe kwa uniti, na dizeli ihesabiwe peke yake.

Faida nyingine ya daftari niliiona Jumapili moja ya Julai. Ndani walikuwemo walinzi tu, lakini mita ilionyesha karibu theluthi ya matumizi ya siku ya kazi. Nikapanda ghorofa moja moja, nikitega sikio milangoni. Ghorofa ya sita, chumba cha mikutano kilichofungwa tangu Ijumaa, kiyoyozi kilikuwa kimewekwa nyuzi 17 na kioo cha mlango kimetoka jasho kwa nje. Vyumba vya namna hiyo nilikuta vitano. Bili ya mwezi isingenionyesha.

Kenya, kanuni za 2012 ziliagiza majengo na viwanda vinavyotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka vikaguliwe matumizi yao ya nishati kila miaka mitatu. Naiomba Wizara ya Nishati na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, waanze ukaguzi kama huo hapa Dar es Salaam na majengo makubwa, na kila mmiliki atakiwe kutunza usomaji wa kila siku. Madaftari yangu yote yapo kabatini. Mtaalamu anayetaka kujifunzia makadirio, niko tayari kukaa naye tuyapitie.

Msimamizi wa jengo,
Kisutu, Dar es Salaam