Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: mafunzo yamfuate anayekamua

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu ya kitaifa. Nakuandikia kutoka Isongole, Wilaya ya Rungwe, ambako nyuma ya migomba ya kaya nyingi utakuta banda lenye ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa. Ng'ombe hao ndio wanaolipa ada za watoto na kununua mbolea ya viazi, na akiumwa mmoja nyumba nzima inayumba. Mimi ni mfugaji na katibu wa kikundi chetu, na nina ombi moja: mafunzo ya afya ya ng'ombe na ya vifaa vya kisasa yamfikie mtu anayekamua, yamfikie bandani kwake, na yawe ya mwaka mzima badala ya semina moja.

Utaratibu tuliouzoea unajulikana. Mtu akipata mtamba wa mradi, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, anaitwa semina ya siku mbili au tatu. Anayeitwa ni yule mwenye jina kwenye fomu, na mara nyingi huyo ni baba. Lakini anayeamka alfajiri kukamua ni mama, au kijana wa kazi, na hao hawakualikwa. Tena mtamba anafundishiwa kabla hajazaa. Siku anapozaa na kulala chini ameishiwa nguvu kwa homa ya maziwa, kwa sababu madini ya chokaa yameshuka mwilini, semina ilishasahaulika na daftari halionekani. Hapo saa chache tu ndizo zinazoamua kama atasimama tena.

Masika iliyopita afisa mifugo alikuja kwenye banda la mwenzetu mmoja, akakusanya majirani. Alikuwa na sahani ya plastiki yenye vikombe vinne. Alikamua kidogo kutoka kila chuchu, kila moja kikombe chake, akaongeza dawa ya rangi ya zambarau kwa kiasi kilekile, akaizungusha sahani taratibu. Vikombe vitatu vilibaki majimaji. Cha nne kikaanza kuvutika kama mlenda. Maziwa yale kwa macho yalikuwa meupe, hayana mabonge wala damu, na kiwele hakikuwa kimevimba. Mama mwenye ng'ombe akauliza, "Kwa hiyo anaumwa, na mimi namkamua kila siku?" Ndivyo ulivyo ugonjwa wa kiwele uliojificha: maziwa yanapungua polepole, mwenye ng'ombe analaumu majani, na vimelea vinahama kutoka chuchu hadi chuchu kwa mikono na kwa kitambaa kimoja.

Somo halikufika saa moja. Afisa alionyesha kila chuchu ifutwe kwa kitambaa chake, chuchu zichovywe kwenye dawa ya ayodini baada ya kukamua, robo ya kiwele yenye ugonjwa ikamuliwe mwisho. Kisha akasema jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kulisikia: ng'ombe apewe majani mara tu baada ya kukamuliwa ili abaki amesimama, kwa maana tundu la chuchu huchukua nusu saa au zaidi kujifunga, na akilala kwenye tope kabla ya hapo vimelea vinaingia. Huku kwetu mvua inanyesha karibu mwaka mzima na tope la bandani halikauki. Hilo peke yake lilistahili kufundishwa kila kitongoji, na halihitaji fedha za kigeni wala mashine.

Mheshimiwa, kuna darasa jingine linalopotea kila asubuhi. Kwenye vituo vya kukusanyia maziwa, maziwa hupimwa kwa alkoholi. Yakiganda, yanakataliwa. Mama anageuka na ndoo yake hajui kosa liko wapi. Wengine wanadhani wameonewa. Kumbe kipimo hicho kinaweza kugoma kwa sababu tofauti: maziwa yamechacha kwa kuchelewa au kwa chombo kichafu, au ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, au amezaa juzi na bado anatoa dang'a. Kila sababu ina dawa yake. Mpokeaji wa maziwa akifundishwa kueleza, na ile sahani ya vikombe vinne ikiwekwa palepale kituoni, maziwa yanayokataliwa yatakuwa mwanzo wa kumtibu ng'ombe. Bodi ya Maziwa inaweza kulisimamia hili, naamini hivyo kwa dhati.

Nakuja kwenye uhimilishaji, yaani kumpandikiza ng'ombe mbegu bila kumleta dume, maana hapa ndipo teknolojia nzuri inapoishia njiani. Mbegu bora zipo, zinazalishwa Usa River, wataalamu wanazileta. Lakini mtaalamu hawezi kujua ng'ombe wangu yuko kwenye joto. Anayejua ni anayeshinda naye. Na mwenye ng'ombe mmoja ana kazi ngumu kuliko mwenye kundi, kwa sababu hakuna mwenzake wa kumpanda. Inabidi asome dalili ndogo: analia bila sababu, ute mwangavu, maziwa yamepungua siku hiyo. Akiziona asubuhi, ng'ombe ahimilishwe jioni. Akiziona jioni, iwe asubuhi inayofuata. Zikimpita, anasubiri siku 21 nyingine. Zikimpita mara tatu ni siku 63 za kumlisha ng'ombe ambaye hajashika mimba.

Vivyo hivyo kwa chanjo. Kampeni ya kitaifa iliyozinduliwa mwaka 2025 imetuonyesha kwamba Serikali ikiamua, inafika hadi mifugo ilipo, na tunaishukuru. Ila mfugaji aliyeona ng'ombe wake amechomwa sindano na kuvishwa hereni anaweza kudhani amemaliza. Chanjo ya homa ya mapafu haizuii ndigana kali, inayoletwa na kupe wa masikioni, na kupe huyo anaweza kuingia hata kwenye banda la kufugia ndani akiwa kwenye majani ya kukata. Ndigana kali ina chanjo yake. Yule mtaalamu aliyeshika sindano angetumia dakika tano kumweleza mwenye ng'ombe amechanja nini na hakuchanja nini, tezi za chini ya sikio zikivimba afanye nini, na akimpa dawa ya kuua bakteria maziwa yasiuzwe kwa siku ngapi. Hili la mwisho linawahusu pia wanaokunywa chai ya maziwa Mbeya mjini na Dar es Salaam.

Mashine za kukamulia na za kukatia majani sizungumzii sana. Nasema tu, asiuziwe mtu mashine ya kukamulia bila mafunzo ya kuiosha, kubadilisha mipira yake na kuitoa kwa wakati, la sivyo itajeruhi chuchu.

Maafisa ugani wetu nao wanahitaji kurudi darasani. Wengi walisoma zamani, na mambo yamebadilika. Hatuko mbali na wataalamu: Uyole ipo TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, Iringa ipo maabara ya TVLA, wakala wa maabara za mifugo, Madaba kuna kampasi ya LITA, wakala wa vyuo vya mifugo. Nane Nane kila Agosti tunawaona kwenye viwanja vya John Mwakangale na tunajifunza, lakini wakamuaji wengi wiki hiyo wako nyumbani, kwa sababu ng'ombe hakamuliwi kwa simu.

Kwa hiyo, katika bajeti ijayo, tunaomba lipangwe fungu la mashamba darasa ya maziwa kwa halmashauri za Nyanda za Juu Kusini. Kikao kimoja kila mwezi, bandani, kwa kufuata msimu: kiwele na kwato wakati wa tope, saileji, yaani majani mabichi yaliyoshindiliwa na kuhifadhiwa bila hewa, kabla ya kiangazi, dang'a na homa ya maziwa pale mitamba ya kijiji inapokaribia kuzaa. Orodha ya mahudhurio iandike jina la anayekamua, awe mama au kijana wa kazi, na muda upangwe baada ya maziwa kupelekwa kituoni. Afisa apewe mafuta ya pikipiki na dawa ya kipimo cha kiwele. Kikundi chetu kiko tayari kutoa banda, ng'ombe na uji wa washiriki kuanzia mwezi wa kwanza utakaopangwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa,
Isongole, Rungwe, Mbeya