Sufuria ile ya pichani, na mengine yaliyoachwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu kuhusu kutengeneza dizeli kwa mafuta ya mimea, yakichanganywa na methanoli (aina ya alkoholi) na kostiki soda (ile kali ya kutengenezea sabuni). Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi, maana gari langu linatembelea mafuta niliyoyapika mwenyewe kwa miaka sasa, na si kila siku jambo hili linapata ukurasa mzima. Mara ya pili nikaitazama picha: kijana kainamia sufuria ya aluminiamu iliyo juu ya jiko, hana miwani, hana glavu, anakoroga. Hapo nikatafuta kalamu.

Tuanze na sufuria. Kostiki soda na aluminiamu havikai pamoja. Kostiki huitafuna sufuria, na ikiitafuna hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche tu. Ongeza methanoli, ambayo mvuke wake hushika moto upesi na mwali wake hauonekani vizuri mchana, kisha weka jiko linalowaka chini yake. Mwandishi wenu anaiita methanoli "spiriti", kana kwamba ni ile ya kusafishia vidonda. Siyo. Hii ni sumu: kiasi kidogo tu mtu akikinywa kinaweza kumpofusha au kumuua, na huingia mwilini hata kwa ngozi na pumzi. Kazi hii inafanyiwa nje au kwenye banda lenye upepo, ndani ya chombo cha chuma cha pua chenye mfuniko. Mafuta yanapashwa moto kwanza, moto unaondolewa, ndipo methanoli inaletwa.

Sasa vipimo. Makala ilisema lita moja ya mafuta, mililita 200 za methanoli, gramu 3.5 za kostiki. Sina ugomvi navyo, kwa mafuta mapya. Lakini aya mbili mbele, makala hiyohiyo inawahimiza watu wakusanye mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, na vipimo havibadiliki! Msomaji atakayefuata maneno hayo atapata nilichopata mimi mara yangu ya kwanza.

Nilikuwa na lita 20, nyeusi, nimezichuja kwa kitambaa mpaka nikajisifu. Nikaweka kostiki ya mafuta mapya, nikakoroga saa nzima, nikaenda kulala. Asubuhi nilitarajia matabaka mawili, dizeli juu na gliserini, kile kimiminika kizito kinachojitenga na mafuta, chini. Nikakuta kitu kimoja, cheupe kama maziwa yaliyoganda, kizito kiasi kwamba niliinamisha pipa na hakikusogea. Sabuni. Pipa lile angalau halikunipa taabu kuliosha.

Sababu yake ni nyepesi. Mafuta yakichemshwa tena na tena, huku vyakula vikiyaachia maji, hujivunja na kutoa asidi za mafuta. Asidi hizo ndizo zinazoiwahi kostiki na kugeuka sabuni, na inayobaki haitoshi kufanya kazi iliyoletewa. Kwa hiyo mafuta ya kukaangia hayana kipimo kimoja. Kila pipa linapimwa lenyewe. Chukua gramu moja ya kostiki, iyeyushe katika lita moja ya maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke). Pembeni, mililita moja ya mafuta yako iyeyushe katika mililita 10 za alkoholi ya isopropili, tia matone mawili ya fenolfthalini, dawa inayogeuka waridi kostiki ikizidi asidi. Halafu kwa bomba la sindano anza kudondosha yale maji ya kostiki, tone kwa tone, ukitikisa. Rangi ya waridi itachomoza na kupotea, itachomoza na kupotea. Usiwe na haraka. Ikichomoza ikakaa kama sekunde 15 bila kufifia, soma bomba. Umetumia mililita 2? Basi ongeza gramu 2 juu ya zile 3.5 kwa kila lita, yaani 5.5. Mimi bomba likipita mililita 5 huyakataa mafuta hayo. Sabuni inakuwa nyingi kuliko faida.

Na kabla ya kuchanganya, mafuta yakaushwe. Yapashe mpaka yapite kidogo nyuzi 100, yaache hadi yanyamaze, maana maji yaliyomo hupasukapasuka na sauti yake unaisikia. Kisha yapoe mpaka nyuzi 55. Methanoli huchemka karibu na nyuzi 65, kwa hiyo ukivuka hapo unapika mvuke wa sumu.

Mengine nitayapita haraka. Baada ya gliserini kutolewa, dizeli inaoshwa kwa maji, inakaushwa tena, na inajaribiwa kabla ya kuingia tangini. Jaribio ninalolitumia halina gharama kubwa: mililita 3 za dizeli hiyo ndani ya mililita 27 za methanoli, tikisa, acha itulie. Ikiyeyuka yote bila kuacha mafuta chini, imeiva. Ikiacha, irudishe jikoni, samahani, bandani. Maji ya kuoshea yasimwagwe mtaroni. Kwenye gari la zamani, angalieni mipira ya kupitishia mafuta iliyotengenezwa kwa mpira wa asili, kwa sababu dizeli hii huilainisha mpaka ivuje, na muwe na filta ya akiba, kwa kuwa tangi lenye uchafu wa miaka litaoshwa na uchafu wote utakwenda kukwama hapo. Fundi asiyejua hilo atasema pampu imekufa.

Makala pia imerudia ile hadithi kwamba Rudolf Diesel aliiunda injini yake kwa ajili ya mafuta ya karanga. Ukweli ni kwamba kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya aina hiyo ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga, na Diesel mwenyewe alieleza baadaye kuwa ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya kawaida ya injini hizo, yale yachimbwayo ardhini, ikafanya kazi na ya karanga bila kubadilishwa. Tofauti hii si ya kuchokonoa maneno. Msomaji akiamini injini yake imezaliwa kwa mafuta ya karanga, atamimina mafuta mabichi kwenye tangi. Mafuta mabichi ni mazito zaidi ya mara kumi kuliko dizeli, na nozeli za leo zina matundu membamba mno. Yanarushwa kama matone makubwa, hayaungui yote, na masizi yanaganda kwenye ncha za nozeli na kwenye ringi za pistoni. Ndiyo maana mtafiti G. Chavanne wa Brussels, Ubelgiji, alipochukua hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1937, alichokuwa amekigundua ni namna ya kuyabadilisha mafuta ya mawese kwa alkoholi kwanza, ndipo yaingie kwenye injini.

Tunakubaliana kwamba dizeli hii ni nzuri. Inalainisha pampu kuliko dizeli ya kawaida ya kituoni, karibu haina salfa, na mvuke wake haushiki moto mpaka ipite nyuzi 100. Ila nguvu yake kwa lita ni pungufu kidogo, na iliyotokana na mawese huganda kwenye baridi ambayo wewe bado umevaa shati. Mimi natumia mafuta yaliyokwisha kukaangiwa tu. Kununua mafuta mapya ya kula ili kuyachoma barabarani siwezi kulitetea, na hapo makala yenu ilinyamaza.

La mwisho ni ile gliserini. Mmewashauri watu wanawie mikono. Inapotoka pipani bado ina methanoli na kostiki ndani yake, tena si haba. Naomba toleo lijalo mlisahihishe hilo hata kama barua hii haitapata nafasi. Na kama yule kijana wa pichani ni msomaji wenu, mwambieni sufuria ile isirudi kupikia chakula.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa injini za dizeli