Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Assalamu alaykum, mabibi na mabwana.

Mwaka jana niliahidi mbele yenu, hapa hapa Mji Mkongwe, kwamba seti yetu ya sanamu za kauri za buruji 12, yaani alama za nyota kama Simba, Nge na Mizani, itatimia. Haikutimia. Nge bado hajapatikana, na Mizani tuliyonayo sasa ina sahani moja.

Nianze na hiyo Mizani, maana maneno yamekuwa mengi. Paka aliingia dirishani, sanamu ikaanguka kutoka kidakani. Asilaumiwe paka, mimi ndiye niliyeiweka ukingoni. Mikono, pembe na vitu vyembamba kama hivyo hutolewa kwenye kalibu zake peke yake, kisha huunganishwa na mwili kwa uji wa udongo kabla ya kutiwa tanurini. Basi ikianguka, huanza kuachia pale kwenye kiungo. Kosa la pili likafuata: mwenzetu, kwa nia njema kabisa, akaibandika kwa gundi ya papo kwa papo, na mshono sasa umegeuka manjano. Nakuombeni, kikivunjika kitu, kusanyeni vipande kwenye kitambaa na msikiguse mpaka tukutane.

Tena tuache kusugua dhahabu. Kauri ikishachomwa kwa joto la nyuzi 1,300 na zaidi hainywi maji, na chumvi ya bahari yetu haiifanyi kitu. Dhahabu ni habari nyingine. Hupakwa juu ya utando wa kioo unaoifunika kauri, ikachomwa tena kwa moto mdogo, kwa hiyo ukiisugua hata kwa kitambaa kikavu huisha kidogo kidogo.

Kazi niliyoifurahia zaidi ni vibao vya majina. Tulikubaliana kuandika majina ya buruji kwa Kiswahili chetu, na hapo ndipo vichekesho vilipoanza. Bibi mmoja alitafuta buruji ya Punda rafu nzima asiione, akaoneshwa kondoo dume mwenye pembe. Mafundi wa Ulaya wanafinyanga kondoo, na wanafalaki wetu nao, kwa Kiarabu, husema Hamali, yaani mwanakondoo. Punda ni wa mitaani kwetu. Mbuzi wao ana mkia wa samaki. Mashuke ni msichana aliyeshika masuke ya ngano, Ndoo ni kijana anayemimina maji, na Mshale ni nusu mtu nusu farasi. Sisi tulitaja kitu tu, wao wakakipa mwenyewe. Tumeandika yote mawili, jina la mtaani juu na la falaki chini: Mashuke na Sumbula, Ndoo na Dalu, Mshale na Kausi.

Wanachama wawili wamejitoa kwa sababu ya masanamu ya viumbe wenye roho. Sikubishana nao. Mwenyekiti hatoi fatwa, na bado tunasalimiana msikitini. Wazee wetu walipamba vidaka kwa sahani na bakuli za China, na kwingine pwani wakazijengea kwenye makaburi. Anayependa kukusanya hizo peke yake, mlango uko wazi.

Ununuzi ulikwenda vibaya. Tulimlipia Jogoo tukidhani ni wa seti, kumbe ni mnyama wa mwaka wa Kichina, hesabu nyingine kabisa. 2025 wenyewe ulikuwa wa Nyoka. Kisha tukaletewa Simba mwenye panga mbili za buluu zilizopishana chini yake, tukaambiwa ni Meissen. Kiwanda hicho cha Ujerumani kilianza 1710, na alama yake imeigwa tangu karne ya 18. Muhuri peke yake si ushahidi. Tazameni vidole, macho na mikunjo ya nguo kwanza, halafu ndiyo mgeuze chini. Simba tulimrudisha, Jogoo tumebaki naye, na nakiri anapendeza.

Ada: wengi mnadaiwa, mnajijua. Mweka hazina ana daftari.

Atakayesafiri na akamwona Nge, asinunue kabla ya kunitumia picha ya mkia. Mkia ukiwa umebandikwa gundi, amwache huko huko.

Mwenyekiti