Sukari ya utumboni na swali la msomaji wenu

Mhariri,

Wiki jana msomaji mmoja aliuliza katika ukurasa huu kwa nini vyuo vikuu vyetu viendelee kuwalipa wahadhiri wanaochunguza matumbo ya panya ilhali hospitali hazina dawa. Nilifundisha biolojia jijini Nairobi kwa miaka mingi, na swali hilo niliulizwa hata na wazazi.

Robert Crane, mwanabiokemia wa Marekani aliyezaliwa mwaka wa 1919 na kusomea Harvard, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akitafuta jibu la jambo lililoonekana dogo: sukari hupenyaje ukuta wa utumbo mwembamba hadi ikaingia katika damu? Alianza kazi hiyo St. Louis, na Agosti 1960, mjini Prague, akaeleza kwamba glukosi, aina ya sukari, haipiti peke yake, bali huingia pamoja na sodiamu iliyomo katika chumvi, kupitia mlango mmoja. Baadaye alifundisha Chicago, kisha New Jersey. Vyeo vyake siviorodheshi hapa.

Mlango huo hauharibiwi na kipindupindu. Mgonjwa anaweza kupoteza maji kwa ndoo, lakini akinyweshwa glukosi na chumvi kwa pamoja, zote mbili huingia mwilini na maji huzifuata. Mwaka wa 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bongaon, India, kinywaji hicho kilishusha vifo kutoka takribani asilimia 30 hadi chini ya 4.

Mwezi uliopita, katika zahanati moja mtaani Kayole, nilimwona mama akimimina pakiti nzima ya ORS, yaani unga wa kuchanganyia kinywaji hicho cha glukosi na chumvi, iliyoandikwa nusu lita, katika chupa ya soda ya mililita 300, ili dawa iwe na nguvu. Muuguzi aliimwaga, akachanganya nyingine kwa jagi la vipimo, akaanza kumnywesha mtoto kwa kijiko. Foleni ilikuwa imefika langoni, kwa hiyo sababu nilimweleza mimi, tukiwa benchini: sukari ikizidi, huvuta maji kutoka mwilini na kuyarudisha utumboni. Kwa hofu kama hiyo, mwaka wa 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza glukosi na sodiamu hadi milimoli (kipimo cha wingi wa kemikali) 75 kila moja katika lita ya ORS.

Msomaji wenu na atuambie, basi, maabara ya Crane angeifunga mwaka gani kabla ya 1960.

Mwalimu mstaafu,
Kayole, Nairobi