Mpango wa kampuni za gesi ubandikwe kwenye ubao wa kijiji

Ndugu Mhariri,

Huku kwetu Mtwara Vijijini tumezoea sherehe za makabidhiano. Kampuni inaleta madawati, mgeni rasmi anakata utepe, ngoma inachezwa, na jioni watu wanatawanyika bila kujua nani aliamua yawe madawati na si dawa za zahanati. Sina ugomvi na madawati, watoto wanayakalia.

Ninachodai kimo ndani ya Sheria ya Petroli ya 2015. Inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, akubaliane na halmashauri ya eneo husika, na wazingatie mazingira, uchumi, utamaduni na vipaumbele vya wenyeji. Halmashauri nayo imepewa kazi ya kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi. Basi mpango huo tuuone. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mahali pake: usomwe pamoja na gharama ya kila mradi, tuujadili, kisha nakala ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji. Kazi hiyo haihitaji turubai wala mgeni rasmi.

Tusichanganyiwe mambo pia. Ushuru wa huduma ambao kampuni inailipa halmashauri si hisani. Hata mwenye kiwanda cha kubangua korosho anautoa. Na kutochafua bahari ni deni jingine kabisa, halifutwi kwa kujenga darasa.

Bahari ndiyo inayoninyima usingizi zaidi. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa 1982. Mwaka 2000 eneo hilohilo likawa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mvuvi wa Msimbati, kwa hiyo, ana hifadhi upande huu na visima vya gesi upande ule. Yeye anakaguliwa hadi matundu ya wavu wake, na ni haki akaguliwe, maana tumbawe likifa pweza hana pango (wavuvi wa baruti wameshatuonyesha hasara yake). Lakini ripoti za ukaguzi wa mazingira wa visima anasomewa na nani? Maji yanayopanda pamoja na gesi yakishatenganishwa yanapelekwa wapi? Kisima kipya kikichorongwa, tope lenye kemikali linamwagwa wapi? Huenda majibu ni mazuri na kila kitu kimepimwa. Tuambiwe, basi, tulale. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sijui mtu ataidaije haki hiyo ikiwa vipimo vimefungiwa kabatini.

Mei 2013, Mtwara ilipolipuka kwa vurugu za kupinga bomba la gesi, tuliitwa watu wasiotaka maendeleo. Vijiweni kulikuwa na swali moja tu: gesi ikienda Dar es Salaam, sisi tunabaki na nini? Bomba lilikamilika 2015, gesi inasafishwa Madimba na kusafirishwa, na swali lile bado linajibiwa kwa hotuba.

Wenzetu wa Likong'o kule Lindi, ambako ardhi imetwaliwa kwa ajili ya mtambo wa kugeuza gesi kuwa kimiminika, wasingoje ujenzi uanze ndipo waulize. Mkandarasi akishaingia na magari yake, kila swali huonekana ni la kuchelewesha kazi.

Kwa Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, ombi langu ni hili: kabla ya mkutano mkuu ujao, mpango wa mwaka huu na muhtasari wa ukaguzi wa mazingira vibandikwe Msimbati na Madimba, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo hata sisi wazee tutazisoma.

Mkazi wa Msimbati,
Mtwara