Hannah Szenes alikuwa askari

Mhariri,

Kila ifikapo Novemba magazeti yetu huwakumbuka askari waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia, na wanastahili. Jina la Hannah Szenes nimezoea kulikuta kwingine, kwenye orodha ya Wayahudi waliouawa na Wanazi. Sikubaliani na wanaomwacha huko tu. Binti huyu alikufa akiwa askari, na vita alivifuata mwenyewe.

Alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1921. Shuleni alichaguliwa kuwa kiongozi katika chama cha fasihi, akanyimwa nafasi hiyo kwa kuwa ni Myahudi. Septemba 1939, vita ndiyo kwanza vimeanza, akahamia Palestina iliyokuwa chini ya Waingereza. Mtoto huyu wa mwandishi wa tamthilia akasomea kilimo Nahalal, kisha akawa anafua nguo katika kijiji cha ujamaa cha Sdot Yam, kando ya bahari. Alikwisha kunusurika. Wengi wetu tungekaa hapo hapo tukimshukuru Mungu.

Yeye mwaka 1943 akajiunga na jeshi la Uingereza, akafunzwa redio na kuruka kwa mwavuli. Machi 1944 alirukia Yugoslavia. Siku chache baadaye Wajerumani wakaivamia Hungaria, na kati ya Mei na Julai Wayahudi zaidi ya 400,000 wakasombwa kwa treni, wengi wao hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz. Juni, treni zikiwa bado zinapakia, Hannah akavuka mpaka kuingia Hungaria. Alikamatwa, na redio yake ikapatikana.

Waliomtesa walitaka alama za siri za redio ile. Hakuzitoa. Wakamleta mama yake, Katalin, aliyeamini kwamba mwanawe yuko salama Palestina, akamkuta uso umejaa michubuko. Bado hakuzitoa. Gerezani alikata herufi za karatasi, akawa anazionyesha dirishani ili azungumze na wafungwa wengine. Alipigwa risasi 7 Novemba 1944, akiwa na miaka 23.

Wapo wanaosema sifa zake zimezidi kwa sababu hakufanikiwa kuokoa watu. Je, babu zetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliolala Burma, nani huwauliza waliokoa wangapi?

Mwaka 1950 mabaki yake yalizikwa upya Jerusalem, katika makaburi ya wanajeshi ya Mlima Herzl. Nanyi mkipanga ukurasa wa Novemba, mpeni nafasi miongoni mwa wanajeshi, na jina la mama yake msiliache.

Msomaji wenu,
Tanga