Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka Wetu wa Senti

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita tulipitisha jambo ambalo wengine mlilipokea shingo upande: kwamba kwa mwaka mzima chama chetu cha wakusanyaji wa sarafu kiziweke kando noti na sarafu kubwa za ukumbusho, kishughulikie senti za mwanzo za Tanzania. Senti tano, senti ishirini, senti hamsini. Taarifa yangu itahusu hasa kazi hiyo. Mambo ya ofisi nitayagusa kwa ufupi.

Kwa ajili ya wanachama wapya nieleze tulikoanzia. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, lakini mifukoni mwa watu zilibaki sarafu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo cha Waingereza kilichotoa pesa za eneo hili, nyingi zikiwa na majina ya wafalme na malkia wa Uingereza. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na mwaka huo ndipo zilipotoka sarafu zetu wenyewe. Senti tano ni ya shaba nyeusi, ina pande 12 na picha ya samaki sulisuli. Senti ishirini ni ya njano na ina mbuni. Senti hamsini, ambayo wengi tuliizoea kwa jina la thumni, ni nyeupe na ina sungura. Shilingi ina mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru. Upande wa pili wa zote nne yupo Mwalimu Nyerere na maneno RAIS WA KWANZA.

Kenya na Uganda nazo zilitoa sarafu zao mwaka huohuo wa 1966, lakini thamani ikaandikwa kwa Kiingereza. Ya kwetu inasema SENTI TANO. Mtoto aliyetumwa chumvi dukani aliisoma pesa ya nchi yake kwa lugha anayoombea maji nyumbani. Ndiyo sababu niliwasihi tuanze na senti: shilingi mia ilipita mikononi mwa wachache, senti tano ilimfikia kila mtu.

Mjadala mkali wa mwaka ulihusu sarafu za 1964. Mwaka huo Bodi ilitoa senti tano na senti kumi zenye tundu katikati na pembe za ndovu, kama zile za zamani, ila jina la malkia limeondolewa. Baadhi yenu mlisema hizo si za taifa huru, ni za Bodi, na hazistahili kuingia kwenye albamu yetu. Hoja hiyo ina uzito, na aliyeitoa aliitetea vizuri. Hata hivyo msimamo wangu haujabadilika. Sarafu hiyo ilitoka kwa sababu watawala walikuwa wameondoka. Pale palipoachwa bila jina ndipo uhuru ulipoanza kuonekana kwenye chuma. Kamati ilipiga kura, na ukurasa wa kwanza wa albamu sasa ni wa senti zenye tundu za 1964. Anayepinga bado ana haki ya kulirudisha suala hili leo.

Kupatikana kwa sarafu kumetufundisha mengi. Senti hamsini za 1966 tulizipata bila taabu kubwa. Senti ishirini zilipatikana, lakini nyingi mbuni amefutika miguu. Senti tano ndizo zilizotutesa. Thamani ya shilingi ilipoporomoka miaka ya 1980, senti tano haikununua tena chochote, na kitu kisichonunua hakitunzwi. Zilizobaki zimechakaa au zimeliwa na kutu ya kijani. Zipo seti za 1966 zilizopigwa kwa mng'aro maalumu kwa ajili ya wakusanyaji, na ni nzuri kuzitazama, lakini hazikuwahi kuingia sokoni. Ninapendekeza tusizihesabu kwenye albamu hii.

Ndipo alipotusaidia mama mmoja mwanachama wetu, ambaye marehemu mumewe alikuwa na duka. Alileta kopo la maziwa ya unga lililojaa chenji iliyosahaulika. Tulilimwaga juu ya kitambaa, tukakaa mchana kutwa na kioo cha kukuzia. Chini kabisa zilikuwamo senti tano ambazo hazikuwa zimeguswa na jasho la mikono mingi. Mapezi ya sulisuli yanahesabika. Mama hakutaka malipo. Alitaka tu kwenye ukurasa huo yaandikwe maneno "kutoka dukani", na yameandikwa.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Miaka iliyopita, kabla sijajiunga nanyi, nilizisugua senti zangu kwa ndimu na majivu hadi zikang'aa. Niliharibu ngozi ya shaba ambayo haitarudi. Mwaka huu nilizileta mezani, nikaziweka karibu na zile za kopo, ili kila mwanachama aone tofauti kwa macho yake. Tafadhali, msizisafishe. Mchanga ukiganda, loweka kwa maji safi, kausha kwa kugusa na kitambaa laini, basi. Na vile vifuko vya plastiki laini vinavyonuka, vitupeni. Vinatoa unyevunyevu wa kijani unaoila shaba. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi inatosha.

Kuhusu ofisi: vikao vyote vya kamati vilifanyika, na hesabu atazisoma mweka hazina baada yangu. Ada zinachelewa, na katibu amechoka kukumbusha watu wazima. Namshukuru kwa uvumilivu wake.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba idhini ya kuendelea mbele kidogo: senti kumi ya punda milia yenye ukingo wa mawimbi, iliyoanza 1977, kisha senti hamsini za mwishoni mwa miaka ya 1980, ambapo sungura ni yuleyule lakini Rais ni Mzee Mwinyi. Kuziweka jirani na zile za RAIS WA KWANZA kutakuwa ukurasa ninaousubiri kwa hamu.

Senti zilizobaki kwenye kopo hazijapangwa kwa miaka. Baada ya chakula cha mchana zitakuwa kwenye meza ya nyuma, pamoja na mizani na vioo. Njooni na mikono mikavu, na mzishike kwa ukingo.